Nasaba ya Kifaranga: Kuku Wazazi katika Milima ya Karuba

Kifaranga wa siku moja auzwaye sokoni Goma aghalabu huwa amekwisha kusafiri safari ndefu kabla ya kudonoa punje yake ya kwanza. Katika saa za mwisho za kukaa ndani ya yai, kabla hajalipasua ganda, huvuta kiini kilichosalia akakiingiza tumboni mwake, na akiba hiyo humtosha kuishi siku mbili, na hata tatu, bila chakula wala maji. Juu ya rehema hiyo ya Muumba imejengwa biashara nzima ya vifaranga ulimwenguni. Maana kifaranga aliyetotolewa Kigali, Kampala au Ulaya aweza kutiwa katika sanduku la karatasi ngumu lenye matundu, pamoja na wenzake 99, akavushwa mipaka na milima, akafika Kivu angali hai.

Lakini akiba ile ina ukomo wake, na mipaka ina wenyewe. Mwezi wa Januari 2017, mafua ya ndege yalipozuka Uganda kando ya Ziwa Viktoria, Kenya na Rwanda zilifunga milango yao kwa kuku na mayai ya Uganda, na kabla ya mwaka kwisha maradhi hayo yalikuwa yamekwisha kuonekana Ituri, ndani ya Kongo. Mwaka huo huo, pale mpakani Namanga, serikali ya Tanzania iliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya bila idhini, jambo lililozusha maneno mengi na masikitiko baina ya majirani. Kisha kwetu ikaja vita: Bunagana, mji wa mpakani na Uganda, ilishikwa na waasi wa M23 mwezi wa Juni 2022, mapigano yakafika Mushaki na Karuba mwanzoni mwa 2023, watu wakakimbilia Sake na Goma na vitu vichache walivyoweza kubeba, na Januari 2025 Goma yenyewe ikaangukia mikononi mwa M23, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Kila mlango mmoja ulipofungwa, mfugaji wa Masisi, ambaye hana habari na siasa za miji mikuu, alijikuta na banda lililofagiliwa na pumba zilizonunuliwa, lakini hana kifaranga wa kumtia ndani.

Hiyo ndiyo sababu ya kuitaja Karuba katika makala haya. Eneo la Mupfunyi Karuba, katika utawala wa kimila wa Wahunde, wilayani Masisi, ni nchi ya vilima vya majani mabichi juu ya Sake, na vilima vya Masisi hupanda kupita mita 2,000 juu ya bahari. Watu wengi waijua kwa ng'ombe na kwa jibini iliwayo Goma, na kwa viazi, maharagwe na mahindi yashukayo kwa malori njia ya Sake. Kuku wako kila ua, ila ni kuku wa kienyeji wajitafutiao, na kuku mama huatamia mayai kumi au kumi na mawili kwa wakati wake mwenyewe, si kwa wakati wa mnunuzi. Atakaye vifaranga mia kwa siku moja, wa umri mmoja na tabia moja, hana budi kuwatazamia watu wa mbali. Rai yangu, nayo ndiyo niliyokusudia kuieleza, ni kwamba milima hii yaweza kuzaa vifaranga wake yenyewe, na pengine kwa wepesi kuliko nchi nyingi za joto. Lakini haitafika huko kwa kununua mashine ya kutotolesha, bali kwa kufuga vizuri kuku wazazi.

Nasema hivyo kwa sababu mashine ndiyo iwavutiayo watu kwanza. Ina taa, ina saa, yageuza mayai yenyewe, na mtu akiileta kijijini jirani huja kuitazama. Hata hivyo ufundi wa kutotolesha mayai pasipo kuku ni wa kale mno. Wamisri waliufanya kwa maelfu ya miaka katika tanuri za matofali ya udongo zilizopashwa moto wa samadi, na mafundi wao, wasio na kipimo chochote cha joto, walikuwa wakiligusisha yai kwenye ukope wa jicho ili kujua kama joto limezidi au limepungua. Mfaransa Réaumur alieleza tanuri hizo katika kitabu chake cha mwaka 1749, na Wazungu wakahangaika muda mrefu kuiga wasifanikiwe. Wanakijiji waliwapelekea mafundi wale mayai yao, na kwa mapatano ya desturi wakarudishiwa vifaranga wawili kwa kila mayai matatu. Theluthi mbili, kwa moto wa samadi! Wapo leo watu wenye mashine ya umeme wasioipata theluthi moja, na sababu haimo ndani ya mashine. Mayai ya Wamisri yalitoka kwa kuku waishio na majogoo, yakaletwa mabichi kutoka vijiji vya karibu; haya ya kwetu mara nyingi huokotwa dukani, hapa kumi na pale ishirini, hayajulikani yametagwa lini wala na kuku gani, wala kama kuku huyo amewahi kumwona jogoo.

Banda la kuku wazazi, basi, si banda la kuku wa mayai ya kula. Kuku wa mayai ya kula haulizwi lolote ila kutaga. Kuku mzazi huulizwa habari ya mtoto wake, na ya mjukuu wake pia. Hapa ndipo lijapo suala la nasaba, ambalo wafugaji wengi hulipita kwa haraka kisha likawarudia kwa hasara. Kuku wa kisasa wa nyama au wa mayai, na hata chotara mashuhuri kama Sasso aliyetoka Ufaransa na Kuroiler aliyetoka India, hupatikana kwa kukutanisha koo mbalimbali zilizotunzwa kila moja peke yake kwa vizazi vingi. Uzuri wauonao mnunuzi ni matunda ya mkutano huo, na watoto wa chotara hao wakioana wao kwa wao matunda hutawanyika, mmoja akafuata babu wa huku na mwingine bibi wa kule, uzito ukatofautiana na utagaji ukashuka. Kwa hiyo njia ni mbili tu zilizo za haki. Ya kwanza ni kununua wazazi halisi kutoka kwa kampuni yenye koo hizo, kama wanavyofanya Silverlands kule Iringa na Uzima Chicken nchini Rwanda kwa kuku wa Sasso, na kila kundi likizeeka kuagiza jingine. Ya pili, ambayo naiona yaifaa Karuba zaidi kwa leo, ni kuanza na tembe bora wa kienyeji waliochaguliwa ua kwa ua, wakapandwa na majogoo wa asili safi waliotoka mbali, na kila mwaka majogoo wakabadilishwa baina ya mabanda ili damu isijirudie. Njia hii ni ya polepole, na kifaranga wake hatakua kwa kasi ya kuku wa nyama wa kizungu. Lakini hakuna mpaka utakaoweza kuifunga.

Mtu akisema jogoo ni nusu ya kundi, asema kweli kwa hesabu ya nasaba, ingawa kwa idadi ni mmoja kwa makoo kumi. Kwa kuku wepesi majogoo 8 hadi 10 kwa makoo 100 hutosha. Kuku wazito hutaka 10 au zaidi. Majogoo wakipungua, mayai huwa matupu. Wakizidi hupigana, huzuiana kupanda, na kuwachubua makoo migongo hata wakajificha viotani. Uteuzi wao huanza mapema, wakiwa pora wa wiki sita hivi, kwa kutazama miguu iliyonyooka, vidole visivyopinda, kifua kipana na macho maangavu. Hurudiwa tena wanapokaribia kuingizwa kwa makoo. Tangu hapo mwenye banda aangalie nyayo zao kila juma, kwa kuwa jogoo mwenye kidonda chini ya mguu aweza kuwika kwa fahari alfajiri yote na asipande hata koo mmoja. Jogoo aliyenenepa kupita kiasi ni hasara ileile. Ndiyo maana katika mabanda makubwa majogoo hula katika vyombo vyao vilivyoning'inizwa juu, makoo wasivifikie, na vihori vya makoo huwekewa nyavu za nafasi nyembamba ambazo kichwa cha jogoo hakipenyi.

Koo aliyepandwa huihifadhi mbegu ya jogoo katika vijifuko vidogo sana ndani ya njia ya yai, na kutoka humo kila yai hupata sehemu yake kwa muda wa wiki mbili hivi. Mfugaji abadilishaye majogoo sharti angoje wiki tatu kabla ya kusema kwamba vifaranga ni wa jogoo mpya. Muda huohuo huficha makosa: jogoo akiugua leo, hasara itaonekana baada ya majuma, wakati ambapo mwenye mali amekwisha kusahau ugonjwa na kuanza kuilaumu mashine.

Ziko njia za kuiondolea mashine lawama isiyo yake. Chukua mayai machache mabichi kabla ya kuyaingiza, uyavunje polepole katika sahani nyeupe penye mwanga wa dirisha, ugeuze kiini mpaka uone kidoa cheupe juu yake. Yai lisilo na mbegu lina kidoa kidogo kilichoshikana, chenye kingo zisizo sawa, kama milimita mbili kwa upana; yai lenye mbegu lina duara pana zaidi lenye ukingo uliokamilika na wazi kidogo katikati, mfano wa pete. Ukiona pete katika mayai tisa kwa kila kumi, mshukuru Mungu na uitazame mashine. Ukiziona tano, rudi bandani ukawatazame majogoo. Halikadhalika siku ya saba au ya kumi, mayai yakipimwa kwa taa gizani, lile jeupe tupu ni yai pasipo uhai au lililokufa mapema mno, na lile lenye duara jekundu la damu lilikuwa na uhai likafa. Nalo hilo la damu ni shahidi wa joto baya, wa mayai kukaa mno, au wa chakula pungufu.

Jambo la mwanga lataka maneno machache. Kuku hutaga kwa amri ya mchana: mchana ukirefuka mwili wake huamka, ukifupika hulala. Huko Ulaya majira hufanya kazi hiyo yenyewe. Karuba iko karibu na Ikweta, mchana wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, haurefuki wala haufupiki. Makoo wa biashara hutaka saa 14 hadi 16 wakati wa kutaga, basi taa ndogo za jua, ziwashwazo alfajiri kabla ya mapambazuko kwa saa zilezile kila siku, hutosha kwa banda la wastani. Ila zisiwashwe kwa tembe wangali wachanga, maana atagaye kabla mwili haujakomaa hutaga vijiyai, na wengine njia ya yai huwatoka nje wakafa.

Na yai likiisha kutagwa? Wengi hudhani kwamba kabla ya kuatamiwa yai ni kitu kilicholala. Sivyo. Yai hukaa ndani ya mwili wa koo kiasi cha siku nzima, katika joto la nyuzi 41, na likitoka mtoto amekwisha kuanza kufanyika, ana maelfu ya chembe za uhai ijapokuwa jicho halimwoni. Joto likishuka chini ya nyuzi 20 hivi, husimama na kungoja. Likibaki kati na kati, nyuzi 24 au 25, huendelea kidogo, bila nguvu, akadhoofika na kufa kabla ya kufika mashineni. Kwa hiyo mayai hukusanywa mara nne au tano kwa siku, na hasa asubuhi, ambapo makoo wengi hutaga. Hupelekwa mahali pa baridi ya nyuzi 15 hadi 18 penye hewa yenye unyevu. Hupangwa ncha nyembamba ikiwa chini. Na huingizwa mashineni kabla ya siku saba kupita.

Hapa Mwenyezi Mungu ameifanyia Karuba upendeleo ambao Mombasa na Dar es Salaam hununua kwa umeme. Mwenye kutotolesha mayai katika joto la pwani hana budi kuwa na chumba chenye mtambo wa baridi, usiku na mchana, na umeme ukikatika hasara huanza. Karuba, chumba chenye kuta nene za udongo, kilichojengwa upande wa kivuli na kutiwa beseni la maji sakafuni, hukaa karibu na baridi hiyo bila kuunguza tone la mafuta. Sijui kwa nini jambo hili halitajwi na wale wahesabuo faida za milima, maana ni faida kubwa kuliko bei ya mashine yenyewe.

Dhiki ya milima iko upande wa pili, katika hewa. Yai hupumua: ganda lake lina maelfu ya vitundu, hewa huingia na mvuke wa maji hutoka. Kadiri upandavyo juu hewa huwa nyepesi, mvuke hutoka kwa wepesi zaidi na pumzi ya kifaranga hupungua, hata mayai yaliyo mema huishia na vifaranga waliokauka wakashikamana na ganda, au waliotoboa tundu wakachoka. Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha California waliofuga kuku kwa miaka mingi katika kituo chao cha White Mountain, mita 3,800 juu ya bahari, waliona kwamba mayai yaliyotoka kwa kuku wa nchi za chini yalitotoka machache mno huko juu, ilhali kuku waliozaliwa na kuchaguliwa hukohuko, kizazi baada ya kizazi, waliendelea kupata nafuu. Karuba haiko juu kiasi hicho, wala hasara yake si kubwa kiasi hicho; lakini fundisho ni lile lile, nalo ni hoja yangu iliyo imara kuliko zote: kwa mashine iliyo mlimani, yai bora ni la koo wa mlimani. Fauka ya hayo, yai la mlimani halikutikiswa njia nzima ya mashimo na matope, ambako mifuko ya hewa ndani ya mayai hulegea kabla gari halijafika Sake.

Mwenye mashine Karuba na apime kwa mizani badala ya kutegemea maandiko ya kiwandani. Trei ya mayai ipimwe siku ya kuingizwa na ipimwe tena siku ya 18. Katika siku hizo yai hufaa kupoteza kiasi cha asilimia 12 ya uzito wake, hivi kwamba yai la gramu 60 libaki karibu na gramu 53. Likipoteza zaidi, aongeze maji katika mabeseni ya mashine. Likipoteza kidogo, apunguze. Joto liwe nyuzi 37 na nusu au kupita hapo kidogo, mayai yageuzwe kila saa, au kwa mkono mara tano kwa siku, mpaka siku ya 18, kisha yaachwe yatulie penye unyevu mwingi hadi siku ya 21. Na matundu ya hewa yasizibwe kwa kuogopa baridi, kosa litendwalo sana katika nchi za milima, kwa sababu kifaranga anayekaribia kutoka hutaka hewa kuliko wakati wowote.

Nimeacha kwa makusudi habari ya maradhi mpaka sasa, kwa kuwa ndiyo ifanyayo kazi hii kuwa amana na si biashara tu. Kideri huua kundi zima, na kila mfugaji ajua. Chanjo yake ipo, na Tanzania hutengeneza ile ya I-2 inayovumilia joto kwa ajili ya kuku wa vijijini. Maradhi ya kutisha zaidi katika banda la wazazi ni yale yasiyoua mzazi: mharo mweupe uletwao na Salmonella, na mafua ya Mycoplasma, ambayo hupita kutoka kwa koo hadi ndani ya yai lenyewe. Koo mmoja mwenye sura ya afya huambukiza mayai yake, kifaranga mmoja aliyetoka mgonjwa huambukiza trei nzima kwa vumbi la manyoya ndani ya mashine, na baada ya juma moja wanunuzi kumi katika vijiji kumi hufukia vifaranga bila kujua asili ya msiba. Marekani, mwanzoni mwa karne iliyopita, mharo huo ulikuwa ukifagia vifaranga kwa makundi, mpaka mwaka 1935 ilipowekwa nchi nzima taratibu ya kupima damu za kuku wazazi na kuwatoa wenye maradhi. Hivi leo katika mabanda yao ya biashara umekaribia kusahauliwa.

Kipimo chenyewe hakihitaji jumba la maabara. Tabibu wa mifugo humshika koo aliyefikia wiki 16 au zaidi, akamchoma mshipa wa chini ya bawa, akadondosha tone moja la damu juu ya kigae cheupe, akalichanganya kwa kijiti na tone la dawa ya rangi ya zambarau. Akikitikisa kigae taratibu, mchanganyiko ukibaki laini kuku ni salama. Ukigandamana vipande vipande kabla ya dakika mbili kupita, kuku huyo hutengwa saa ile ile na hatiwi tena katika nasaba, hata awe mtagaji mkuu wa banda. Ni vigumu kumtoa koo mnene, mwekundu wa upanga, ambaye jana tu ametaga. Hapo ndipo hujulikana nani afaa kuwauzia wengine vifaranga.

Chakula cha mzazi nacho si cha kutaga tu. Koo aweza kutaga vizuri kwa chakula ambacho mtoto wake hawezi kuishi nacho, kwa sababu yai hujengwa hata kama vitamini zimepunguka, lakini kifaranga hufa ndani yake, au hutoka vidole vimekunjwa na manyoya yamejisokota. Mahindi ya Masisi ni mengi, soya hukubali katika Kivu ingawa sharti ikaangwe kwanza, na sambaza wa Ziwa Kivu, samaki aliyeletwa ziwani humo kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ni protini njema, japo bei yake hushindana na kitoweo cha watu. Chokaa kwa ajili ya ganda, chumvi na mchanganyiko wa vitamini za kuku wazazi, hivi havina mbadala wa kubahatisha. Na mvua za Masisi ziogopwe ghalani: mahindi yaliyovunwa na unyevu huota kuvu, na sumu ya kuvu hiyo huharibu ini la kuku na kupunguza mayai yatotokayo kabla mtu hajaiona. Maji nayo yachunguzwe, kwa kuwa Nyamulagira na Nyiragongo hazilali, na moshi wao ukivuma magharibi mvua huuteremsha juu ya mabati pamoja na chumvi kali. Maji ya chemchemi aghalabu ni salama zaidi.

Sasa hesabu, kwa mfano tu. Makoo 500 na majogoo 50 hutaka banda la meta za mraba 120 hivi, lenye maranda makavu sakafuni na kiota kimoja kwa makoo wanne au watano. Yai lililotagwa sakafuni likachafuka haliingizwi mashineni, wala halioshwi likafichwa kati ya mema. Wakila gramu 120 kila mmoja, chakula ni kilo 66 kwa siku, karibu tani mbili kwa mwezi. Wakitaga asilimia 60, mayai ni 300 kwa siku. Yakitolewa madogo, yenye nyufa na machafu, yabaki 270. Na yakitotoka robo tatu, ni vifaranga 1,400 kwa juma, kwa muda wa wiki 40 hivi, kabla kundi halijazeeka. Hata nusu ya hesabu hiyo yatosha kulisha mabanda ya Karuba, Mushaki na Sake kwa wakati mmoja.

Lakini nani atajenga banda moja la namna hiyo katika nchi ambayo watu wamehama na kurudi mara kadhaa, na ambamo kuku ndiye mnyama wa kwanza kubebwa na mwenye bunduki? Swali hili ni la haki, na sioni kwamba jawabu lake ni kuigiza Ugachick ya Uganda, au Kenchic ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1984, ambazo zilikua katika miaka ya amani na penye barabara za lami. Naona heri wazazi wagawanywe katika mabanda madogo ya makoo 80 au 100, kwa familia za chama kimoja cha ushirika, mbali mbali vilimani, na mashine moja tu iwe ya wote. Kugawanya kuna taabu yake, maana kila banda ni mlango mwingine wa maradhi, na tabibu atatembea zaidi. Hata hivyo kundi lililotawanyika halifi lote kwa usiku mmoja, na baada ya kila msiba itabaki mbegu ya kuanzia.

Mashirika yanayowarudisha watu vijijini hupenda kuwapa kila kaya vifaranga kadhaa wa siku moja, na nia hiyo ni njema. Nawasihi wachukue sehemu ya fedha za vifaranga hao, pamoja na vyama vya wafugaji vya Masisi, wanunue kwanza dawa ya kupimia damu, taa za jua, mizani ya trei na majogoo 10 wa asili inayojulikana kwa kila makoo 100 waliochaguliwa. Wamlipe tabibu mmoja wa mifugo azunguke Mupfunyi Karuba mwaka mzima. Na mashine ya kutotolesha wainunue mwisho, siku mayai tisa kati ya kumi yatakapoonyesha pete katika sahani nyeupe.